Uzi: Dawa ya kuchomeka kwa nyuma kwa aliyefunga choo, namna ya kuitumia bila kumuumiza mtu

#1 BintiMkubwa

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili ninalo tangu mwezi wa pili, nilikuwa naona haya kuliandika. Jana rafiki yangu wa kazini kanipigia simu analia. Baba yake siku ya saba hajapata choo, tumbo limekaza, na kila anayekuja kumjulia hali anakuja na majani yake. Nikasema basi, haya niziweke pembeni. Mambo haya yanaumiza watu kwa sababu kila mtu anayafanya chumbani mlango umefungwa, na hakuna aliyemfundisha.

Mama yangu ana miaka 74. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Tulirudi naye nyumbani Tanga na mfuko wa dawa: tramadol ya maumivu na vidonge vya kuongeza damu. Hatukujua kwamba dawa zote mbili zinafunga choo. Jumlisha kulala kitandani mchana na usiku, jumlisha na kwamba mama alikuwa anakataa maji makusudi ili asitusumbue kumpeleka kujisaidia.

Siku ya tano namuuliza, "Mama, umepata choo?" Ananijibu, "Nitapata tu mwanangu." Mtu mzima huwezi kumchokonoa kwa maswali. Siku ya tisa asubuhi nikakuta shuka limelowa maji ya kinyesi. Tulifurahi! Tukasema tumbo limefunguka. Mchana yakatoka tena, jioni tena, kidogo kidogo, mwenyewe hana habari kama yametoka. Kaka yangu akaenda duka la dawa akaleta vidonge vya kuzuia kuhara. Tukampa.

Kesho yake tumbo limejaa, hali kitu. Jirani, Mungu ambariki maana alikuja kwa mapenzi, akasema hapa ni kumpiga bomba tu. Akakoroga sabuni ya kufulia kwenye maji ya vuguvugu, akatumia kimpira. Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku ya nyonga hakulia vile. Yalitoka maji na ute wenye damu. Choo hakikutoka.

Ndipo tukakodi bajaji kwenda kituo cha afya. Tulipokewa na nesi mtu mzima, mtulivu. Akavaa glavu, akapaka jeli kidole, akampima taratibu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hapa mlangoni kuna choo kigumu kama jiwe. Yale maji mliyoyaona yalikuwa yanapita pembeni ya jiwe. Hakuwa anaharisha. Alikuwa amefunga."

Sentensi ile naiandika hapa kwa kila anayelea mzee au mgonjwa wa kitandani. Mtu aliyekaa siku nyingi bila choo, halafu ghafla yanaanza kutoka maji machache machache bila yeye kujijua, usikimbilie dawa ya kuzuia kuhara. Apimwe kwanza.

Nesi alilitoa jiwe lile kwa kidole, kipande kwa kipande, zaidi ya nusu saa, huku anazungumza na mama habari za kilimo cha minazi ili asijione. Hiyo kazi si ya kujaribu nyumbani, inaweza kuchana, na kuna wagonjwa mapigo ya moyo hushuka wakati wa kufanyiwa hivyo. Akatuandikia dawa ya kunywa ya kulainisha na akatupa dawa ya kuchomeka kwa zile siku ambazo choo kitagoma, na akanifundisha mimi kwa mikono yangu. Alivyonifundisha ni hivi.

Kabla hata ya kufungua pakiti, mwangalie mtu. Anatapika? Tumbo limevimba na hapitishi hata upepo? Ana maumivu makali ya tumbo ambayo hayajulikani yametoka wapi? Anatoka damu? Ukiona mojawapo, usimwekee kitu nyuma na usimpe dawa ya kuendesha. Utumbo unaweza kuwa umeziba, au ni kidole tumbo, na dawa ya kuusukuma utumbo hapo inaweza kuupasua. Huyo ni wa hospitali, leo leo.

Kama hayo hayapo, mwambie akojoe kwanza. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu. Tandika mpira na juu yake kanga iliyochakaa. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, mguu wa chini umenyooka, goti la juu limekunjwa kuelekea kifuani. Utumbo mkubwa unamalizikia upande wa kushoto, ndiyo maana analala hivyo.

Dawa ina umbo la risasi. Toa kwenye ganda lake, ichovye kwenye maji safi kidogo ili iteleze. Usipake Vaseline, nesi alisisitiza sana hilo, mafuta yanaizunguka dawa isiyeyuke inavyotakiwa. Ncha iliyochongoka inatangulia. Mwambie apumue kwa mdomo kama anapuliza chai ya moto, na wakati anapuliza wewe sukuma taratibu. Utahisi msuli wa mlangoni unabana, halafu ghafla unaachia na dawa inakuwa kama imemezwa. Isipopita pale, itarudi yote nje na utakuwa umemsumbua bure. Kwa mtu mzima kidole cha shahada kinaingia kiasi cha pingili moja na nusu hivi. Ukigonga kitu kigumu, usilazimishe.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye karatasi ya pakiti sikuliona. Dawa inatakiwa iguse ukuta wa utumbo. Ukiichomeka katikati ya choo kigumu, itakaa humo haifanyi kazi. Ipeleke pembeni.

Ukitoa kidole, mbane makalio pamoja kwa dakika moja, halafu abaki amelala dakika 15 hadi 20. Hamu itakuja mapema, avumilie kidogo, akikimbia mara moja dawa itatoka yenyewe peke yake. Sisi tulimtengenezea mama kiti cha plastiki tumekitoboa, chini ndoo, na miguuni kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga. (Kwa waliofanyiwa upasuaji wa nyonga muulizeni daktari kwanza kuhusu kukunja goti, mama aliruhusiwa wiki za baadaye, mwanzoni alilazwa chali na mto katikati ya miguu.)

Mara ya kwanza niliyofanya mwenyewe ilichukua dakika 25. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kanga yangu. Choo kilipotoka akasema Alhamdulillahi mara tatu, akaomba uji. Alikuwa hajaomba chakula kwa mdomo wake tangu atoke hospitali.

Karibuni, ulizeni, na wataalamu mnisahihishe nilipokosea.

#2 Mzigua_Asilia

Pole kwa mama dada. Lakini sabuni mbona ndiyo imetukuza wengi? Bibi alikuwa anachonga kipande cha sabuni ya mche, anakilainisha kwa maji, mtoto anawekewa, dakika mbili choo nje. Hakuna aliyekufa.

#3 NesiMstaafu

Mzigua_Asilia, nakuelewa mdogo wangu, hata mimi niliwekewa. Ila sababu inayofanya sabuni ilete choo haraka ni kwamba inaunguza. Ngozi ya ndani pale ni laini kama ya ndani ya shavu, ikiguswa na magadi ya sabuni inawashwa, utumbo unajikunyata kukitoa kile kitu. Mara nyingine inaishia hapo. Mara nyingine ukuta wa utumbo unavimba na kutoa damu, kama alivyosema BintiMkubwa. Nimewapokea watoto wa namna hiyo, na wazee pia, zaidi ya mara moja. Pilipili, tangawizi, maji ya majivu, dawa za mizizi zilizochemshwa, hizo zote zikipitishwa nyuma mwili unazinyonya haraka na hujui kipimo chake.

Dawa ya kuchomeka ya gliserini inafanya kazi ile ile ambayo bibi alikuwa anaitafuta, bila kuunguza hivyo. Inavuta maji, inalainisha, inaugutusha utumbo kidogo. Bei yake si ya kutisha.

BintiMkubwa umefundishwa vizuri. Nyongeza yangu ni moja tu: ukimaliza, tazama kilichotoka. Kimetoka kiasi gani, kigumu au laini, kina damu? Andika kwenye daftari na tarehe. Daktari akikuuliza wiki ijayo usiseme "kidogo kidogo".

#4 Fundi_Dawa

Mimi nipo kaunta ya duka la dawa miaka 11 sasa. Watu wanakuja wananong'ona, wengine wanaandika kwenye simu wananionyesha. Nianze na aina maana wengi hawajui kama zinatofautiana.

Gliserini ndiyo ya upole. Ya mtu mzima kwa kawaida ni gramu 4, ya mtoto gramu 2, ya mchanga gramu 1. Baadhi ya viwanda vina vipimo vyao kwa hiyo soma pakiti yako. Inafanya kazi ndani ya dakika 15 hadi 30, wengine inachukua saa nzima.

Bisakodili ni kali zaidi, inausisimua utumbo wenyewe ujikaze. Ya mtu mzima ni miligramu 10. Ya kuchomeka inafanya kazi ndani ya saa moja, wakati kidonge chake cha kumeza kinachukua saa 6 hadi 12. Inaweza kuleta msokoto wa tumbo na hali ya kuungua mlangoni. Mwenye bawasiri iliyovimba au mchaniko, hiyo itamtesa. Mtoto hapewi bila daktari kusema.

Kisha kuna enema za chupa, yaani dawa ya maji inayopitishwa nyuma. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ile chupa ya chumvichumvi ya fosfati, ambayo watu wanaiona kama maji tu, ndiyo yenye hatari kuliko zote nilizotaja. Januari 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya watu kuharibikiwa figo na moyo, na wengine kufariki, kwa kutumia dawa za fosfati kupita kipimo. Kipimo ni kimoja tu ndani ya saa 24. Mtu akiweka moja isilete choo, anarudi kwangu kuchukua ya pili. Hapana! Ile ya kwanza bado iko ndani na fosfati inaingia kwenye damu. Ikipita nusu saa haijatoka kitu, huyo anaenda kuonwa, haongezewi.

Watoto chini ya miaka miwili hawawekewi kabisa. Wa kuogopewa zaidi ni waliovuka miaka 55, wenye figo dhaifu, wenye moyo mkubwa, na wanaotumia dawa za presha za kukojoza, dawa za presha kama captopril na losartan, au dawa za maumivu kama diclofenac. Hebu mfikirie mzee wa kawaida wa nyumbani kwenu, mara nyingi anatumia mbili kati ya hizo. Kwa hiyo anayetaka kumwekea mzee fosfati, aanzie kwa daktari.

La mwisho ni joto. Huku pwani dawa hizi zinalainika zikiwa kwenye pochi au dirishani. Nimeona mtu anafungua, imekuwa kama uji. Usiitupe haraka kama ganda lake halijapasuka, itumbukize na ganda lake kwenye maji baridi au weka kwenye friji dakika chache itakaza. Ila hifadhi yake ni mahali pa baridi, mbali na mikono ya watoto, maana wakiiona wanadhani pipi.

#5 MamaMapacha

Nimeshukuru uzi huu. Wangu wana miezi miwili, wananyonya tu. Kulwa anapata choo kila siku, Doto leo siku ya tano hajapata. Mama mkwe anataka tumwekee kitu. Nimwekee ile ya gramu 1?

#6 NesiMstaafu

MamaMapacha, usimwekee bado. Nijibu kwanza. Doto ananyonya vizuri? Tumbo laini ukilibonyeza? Anapitisha upepo? Anakojoa kama kawaida? Na alipozaliwa, kile choo cheusi cha kwanza kilitoka ndani ya siku mbili za mwanzo?

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila choo na akawa mzima. Maziwa ya mama yanasagika karibu yote, mabaki yanakuwa machache. Kinachoonyesha kufunga ni choo kikitoka kigumu kama golori. Idadi ya siku peke yake haitoshi. Na akijikunja, uso ukawa mwekundu, halafu ukatoka ujiuji, ujue anajifunza tu kusukuma.

Lakini akitapika nyongo ya kijani, tumbo likivimba, akikataa ziwa, au kama choo cha kwanza kilichelewa zaidi ya siku mbili alipozaliwa, mpeleke bila kungoja. Kuna watoto wanazaliwa sehemu ya utumbo haina mishipa ya fahamu, choo hakisukumwi, na hao dawa ya kuchomeka inawaficha tu ugonjwa.

#7 MamaMapacha

Yote yapo sawa, choo cheusi kilitoka siku ile ile ya kuzaliwa. Ananyonya kama kawaida. Nitamsomea mama mkwe bandiko hili jinsi lilivyo.

#8 Kaka_wa_Morogoro

Naongeza upande ambao haujaguswa. Mdogo wangu alipata ajali ya pikipiki, uti wa mgongo ukavunjika juu, usawa wa mabega. Kwake hii si dawa ya dharura, ni ratiba. Siku moja baada ya moja, saa mbili asubuhi baada ya chai, namlaza ubavu wa kushoto, dawa, nusu saa, halafu nazungusha kidole chenye glavu taratibu kuamsha utumbo. Baada ya chai kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mkubwa nao unaamka. Hilo linamfaa hata mtu mzima wa afya, kaeni chooni baada ya kifungua kinywa, msingoje.

Tahadhari kwa wenye wagonjwa kama wangu. Siku moja katikati ya kazi akaniambia kichwa kinampasuka. Nikamtazama uso umeiva, jasho linamtoka kuanzia kifuani kwenda juu, chini mkavu. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Kwa waliovunjika uti juu, hasa kuanzia katikati ya kifua kupanda, kitu chochote kinachoutekenya mwili chini ya pale palipovunjika, choo kilichojaa au kidole au kibofu kilichojaa, kinaweza kupandisha presha ghafla. Ukiona hivyo acha mara moja, toa kidole, mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja, na kama haishuki ndani ya dakika chache, hospitali. Mimi nilielezwa haya baada ya kuyaona. Natamani ningeelezwa kabla.

#9 Ngamiani_Kwetu

Samahani nauliza la dini, Ramadhani ikikuta mtu ana hali hii, dawa ya nyuma inafunguza?

#10 BintiMkubwa

Ngamiani_Kwetu, sisi tuliokulia kwenye madhehebu ya Shafi tulifundishwa kwamba kinachoingizwa kwa njia hiyo kinafunguza. Kuna wanavyuoni wengine wenye rai tofauti, kwa hiyo muulize sheikh wako. Mama yangu kwa hali yake alikuwa na ruhusa ya mgonjwa asifunge, hatukuhangaika. Aliyefunga na anaweza kusubiri, dawa inafanya kazi ndani ya saa moja, aweke usiku baada ya tarawehe, yamekwisha. Mwezi ule choo kinafunga kwa wengi kwa sababu maji yanapungua na futari ni ya kukaanga. Tende na uji wa dona vinasaidia, na maji kuanzia futari hadi daku bila kukatisha.

#11 Sitaki_Jina

Wakuu, nimesoma kimya siku mbili. Mimi ni mwanaume, miaka 38, dereva wa masafa. Natumia bisakodili ya kuchomeka karibu kila siku huu mwezi wa nane. Nilianza moja kwa wiki. Sasa bila hiyo siendi kabisa. Mke hajui. Je, nimeharibika?

#12 Fundi_Dawa

Ndugu yangu, hujaharibika, na umefanya vizuri kuandika. Wateja wangu wa namna yako wengi ni madereva. Mnazuia choo kwa masaa kwa sababu ya safari, maji hamnywi ili msisimame, mnakula chipsi na nyama. Choo kikizuiwa kinakaa, utumbo unaendelea kukinyonya maji, kinakauka, halafu hamu yenyewe inazoea kupuuzwa mpaka inaacha kuja.

Dawa za kuchomeka bila ushauri wa daktari ni za siku chache, tuseme zisizidi wiki. Miezi minane inahitaji mtu akupime. Usiziache tu ghafla ukakaa siku kumi. Daktari atakupa ya kunywa ya kulainisha, kama laktulosi, ambayo inachukua siku mbili tatu kuanza, na wewe unarudisha ratiba ya chakula na maji pole pole. Naomba uniambie mambo matatu: umepungua mwili bila sababu, umeona damu, choo kimekuwa chembamba kuliko zamani?

#13 Sitaki_Jina

Damu kidogo, mara mbili. Nilidhani bawasiri.

#14 NesiMstaafu

Inaweza kuwa bawasiri kweli, na mara nyingi huwa hivyo. Lakini damu haikisiwi kwenye simu, mwanangu. Wiki hii, kabla ya safari nyingine, kaonwe. Vipimo vya mwanzo ni kidole, damu, pengine na tezi ya shingo na sukari maana zote mbili zikiharibika zinafunga choo. Na mweleze mkeo. Aibu hii ukiibeba peke yako utaendelea kuchomeka tu.

#15 Pekee_wa_Mama

Nami naleta la kwangu. Mimi wa kiume, mtoto pekee, namlea mama hapa Muheza. Ana saratani, anakunywa morfini ya maji. Daktari alisema kabisa morfini na dawa ya choo vinakwenda pamoja kila siku, na anapewa, lakini wiki hii imegoma, leo siku ya nne. Tumeandikiwa ya kuchomeka. Mama anasema bora afe kuliko mwanawe wa kiume amshike pale. Dada wa jirani tunayemtegemea amesafiri. Nifanyeje?

#16 NesiMstaafu

Kabla ya yote, yuko kwenye dawa za kuua saratani kwa mishipa? Kama chembe nyeupe za damu zimeshuka, hawekewi kitu chochote nyuma, mchubuko mdogo tu unaingiza wadudu kwenye damu. Wapigie wanaomtibu leo, uulize.

#17 Pekee_wa_Mama

Hayuko kwenye hizo, waliacha mwezi wa nne. Nimewapigia, wamesema endelea na dawa waliyoandika, na akitapika au tumbo likivimba nimpeleke.

#18 BintiMkubwa

Kaka, mwache mama aseme anavyotaka ifanyike. Pengine si lazima umshike wewe. Mikono yake inafika? Wengi wanaweza kujiwekea wenyewe wakilala ubavu, ukishamlowanishia dawa na kumpa mkononi. Mvishe glavu, mwelekeze ukiwa nyuma ya pazia au umegeuka ukutani. Mama yangu alijaribu hivyo, mara ya pili akaweza.

Ikishindikana, tafuta mwanamke yeyote aliye karibu na moyo wake, hata mhudumu wa afya wa kijiji, mwombe aje kwa saa moja. Na ikiwa hakuna kabisa, funika mama kwa kanga mbili, moja juu moja chini, acha sehemu ya kiganja tu. Taa ipunguze. Usimwangalie usoni, mzungumzishe. Mwambie kila hatua kabla hujaifanya, "sasa nainua kanga, sasa utahisi maji baridi." Mwombe radhi kabla, kama unavyomwomba radhi mkubwa unapopita mbele yake. Alikutawaza wewe miaka yote ile, lakini usimwambie maneno hayo, yanamfanya ajione amekuwa mtoto.

#19 Pekee_wa_Mama

Nimerudi kutoa taarifa. Alijiwekea mwenyewe. Mimi nilikaa nje ya mlango nikawa namsomea kwa sauti bandiko la kwanza la dada, mstari kwa mstari, naye ananijibu "tayari" kila mstari. Mara ya kwanza ilirudi nje, hakuwa amepitisha ule msuli. Ya pili ikakaa. Saa tatu na dakika kumi akaniita nilete kiti. Nilipobeba ndoo aliniambia niende nikanawe, halafu nimletee redio.

#20 BintiMkubwa

Kaka, umeniliza. Mpe maji kidogo kidogo kila nusu saa leo, na daftari lianze na tarehe ya leo. Sitaki_Jina, bado tunakusubiri, umeenda?